Buti Zilizotazama Ndani

Bastola ilipotea Jumamosi, baina ya pilau na sala ya alasiri, ndani ya fleti yenye wageni arobaini na watoto ambao hakuna aliyejisumbua kuwahesabu.

Ilikuwa bastola ndogo, ya kufichwa. Mwenyewe, Ofisa Yasser Alamin, alikuwa ameiacha mlangoni ndani ya buti yake ya kushoto na kuifunika kwa soksi. Ilipokaribia saa kumi alitoka sebuleni ili akachukue nepi garini. Akatia mguu ndani ya buti. Mguu ukashuka mpaka chini bila kugusa kitu. Nje theluji ilifika magotini, lakini Yasser alilowa jasho.

Hakupiga kelele, na kwa hilo nampa haki yake. Alitafuta ndani ya buti ya kulia, akatafuta nyuma ya rafu ya viatu, akapapasa mifuko ya makoti yote ukutani. Halafu akampigia simu mkubwa wake wa kazi.

"Madam, nimepoteza silaha."

"Ile ya kazi?"

"Ya kazi nimeifungia kituoni. Ni hii ndogo. Ya akiba."

"Uko wapi?"

"Fridley, kwa baba mkwe. Leo ni akika ya binti yangu."

"Ina risasi?"

"Sita. Lakini haijakokiwa."

"Simama hapo mlangoni. Asitoke mtu, wala usimwambie mtu kwa nini."

Inspekta Atieno alifika baada ya dakika ishirini na tano. Kwa vyeo vya huku ughaibuni yeye ni sajenti wa upelelezi, ila Waswahili wa miji hii miwili pacha humwita Inspekta, naye amechoka kuwasahihisha. Ni mzaliwa wa Kisumu, mfupi, mwenye sauti ya chini inayowafanya washukiwa wainame ili wamsikie. Yasser yuko chini yake mwaka wa nne sasa, na kama ungemuuliza Inspekta angekwambia ni kijana wa kawaida tu. Angekuwa anakudanganya. Anampenda kama mtoto wa dada yake.

Alivua buti zake, akaziacha pale zilipoangukia. Akaitazama saa.

"Hapa si eneo letu, kwa hiyo siwezi kumpekua mtu. Ninaweza kuuliza tu. Ikifika saa kumi na moja na nusu hatujaipata, nawapigia polisi wa hapa. Watawapekua wageni wako mmoja mmoja, kina mama pia. Na wewe Jumatatu utaweka beji mezani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, madam."

"Watoto kwanza."

Bi Nasreen, mama mkwe wa Yasser, aliitwa pembeni na kuelezwa ukweli kwa maneno matatu. Hakuuliza la nne. Atieno alikagua chumba cha kulala, chini ya kitanda, nyuma ya mapazia, ndani ya kila droo. Kisha Bi Nasreen akawaswaga watoto wote humo kwa sinia la kaimati na katuni kwenye simu, akakaa mlangoni na mtoto mchanga mapajani. Kazi hiyo ilimchukua dakika tano. Nimewaona makamanda ambao wasingeiweza.

Mahali pa faragha palibaki bafuni. Yasser alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea, Inspekta akasimama.

"Kwa nini ulikuja nayo?"

"Nilisahau kwamba ninayo. Nimeifunga mguuni wiki tatu, nishaizoea kama soksi. Nimetoka kwenye zamu, nikaweka ile kubwa kabatini, nikaja mbio."

"Ukakumbuka lini?"

"Nilipoinama kuvua viatu. Nyuma yangu watu wamejaa na zawadi zao, wanangoja nipishe. Ukikaa mkekani suruali inapanda, kila mtu angeiona. Nikaifungua ala upesi, nikaitia butini. Nilisema ni dakika moja tu, niingie, nisalimie, nirudi niipeleke garini."

"Halafu?"

"Halafu wakanipa mtoto."

Atieno alimjua. Mtu mwenye binti wa siku saba akipewa binti huyo ambebe, dunia nzima inaweza kupotea, sembuse bastola.

"Uliichaguaje hii?"

"Madam?"

"Jibu tu. Nataka kujua mwizi ameshika kitu cha namna gani."

Yasser alipangusa uso. Alikuwa amekwenda kwenye duka moja la silaha na kuhudumiwa na mama wa makamo aitwaye Abigail. Mama huyo alimwekea tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya risasi ndogo kabisa, nyepesi, haina teke mkononi, lakini mama mwenyewe alikiri kwamba risasi zake mara mojamoja hugoma kuwaka. Ya pili ilipiga vizuri, ila ilikuwa nene, na kitu cha kufichwa hakitakiwi kutuna. Ya tatu ndiyo hii, ya katikati, nusu kilo pamoja na risasi zake.

"Akaniambia bastola ya akiba huichagui ukiwa umesimama. Unaichagua ukiwa umeangushwa. Uweze kuifikia kwa mkono wowote, umekaa, umelala, umevaa glavu. Nikajaribu yote hayo. Nilikaa garini na mkanda nimefunga. Nililala chini pale dukani, wateja wananitazama. Mguuni ndipo nilipoifikia upesi zaidi."

"Ulijaribu ukiwa umevua viatu?"

Yasser aliitazama miguu yake.

"Yaani Mswahili wa Mombasa," Atieno alisema polepole, "anayevua viatu kila mlango anaoingia, kwa mama, kwa mkwe, msikitini mara tano kwa siku, akaamua silaha yake ya siri ikae juu ya kiatu."

"Nilifikiria kazini tu, madam. Nyumbani sikufikiria."

"Ndiyo. Nimeliona hilo."

Aliyekuwa ameondoka kabla ya alasiri ni mtu mmoja tu, Elisée, Mkongo wa fleti ya mkabala. Atieno alivuka korido na kumgongea. Mtu mrefu akafungua, kitambaa cha jikoni begani.

"Ulitoka saa ngapi kwa jirani?"

"Saa nane na nusu, mama. Niko na kazi usiku, nilitaka kulala kidogo."

"Ulitoka na nini?"

"Na sahani ya pilau. Bi Nasreen alinifungia na ingine ya bibi yangu, mama watoto. Voilà." Alionyesha sahani mbili tupu mezani. "Mnatafuta sahani?"

"Hapana. Ulipotoka, viatu vyako ulivikuta wapi?"

Elisée alicheka. "Ile ndiyo inanifurahishaka kwa ile nyumba. Unaacha kiatu hovyo, unakikuta kimegeuzwa, kinatazama mlango, unaingiza mguu tu unaenda. Hata hoteli hawafanyi vile. Vyote vilikuwa vimepangwa, mstari mzuri. Isipokuwa buti kubwa nyeusi kule mwisho."

"Zilikuwaje?"

"Zilitazama ndani."

Atieno alimshukuru. Jirani huyo hakuwa na sura ya mwizi, ingawa kwa kazi ya miaka ishirini na sita Atieno alishajua kwamba sura ya mwizi haipo. Kilichomtoa Elisée kwenye orodha ni kwamba hakuulizwa kuhusu buti, akazitaja mwenyewe.

Aaliyah, mke wa Yasser, alikuwa jikoni akipanga vikombe vya chai. Alikuwa amejua kwamba kuna jambo. Mke wa polisi hujua, hata asipoambiwa.

"Nani hugeuza viatu vya wageni humu?"

"Baba. Tangu tukiwa wadogo. Anasema mgeni asipate taabu ya kuinama na kugeuka kwenye mlango wako." Alitoa simu mfukoni. "Hata leo nimempiga picha. Binamu zangu wa Mombasa hawaamini kwamba hajaacha. Hii hapa nilipiga wageni walipoingia. Na hii alipomaliza, kabla ya sala kidogo."

Picha ya kwanza ilikuwa fujo tupu. Ya pili, jozi zote ziliutazama mlango, buti, kandambili, viatu vya watoto vyenye taa kisiginoni. Kule mwisho, buti nyeusi za Yasser peke yake zilitazama sebuleni.

"Baba yako yu mzima?"

"Mzima. Kwa nini?"

"Nilipoingia hakuinuka kunisalimia."

Aaliyah aliweka kikombe chini. "Kweli, leo ana ajabu. Ameswali alasiri kitini. Nikamuuliza, akasema magoti. Jana alikuwa anazoa theluji kwa sepetu saa nzima, magoti hayakuwa na neno." Akasita. "Na hajambeba binti yetu Zamzam."

"Leo?"

"Leo tu. Siku sita hizi tunamnyang'anya ndipo mtoto anyonye. Tumemngoja mtoto huyu miaka tisa, Inspekta. Leo ndiyo akika yake, babu yake mimi namletea, ananiambia mpe mama yako."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja na dakika kumi. Atieno alimgusa Aaliyah mkononi, akatoka.

Mzee Abdulghani, baba yake Aaliyah, alikuwa kwenye kiti kirefu pembeni mwa sebule, kanzu nyeupe mpaka kwenye vifundo, mikono juu ya mapaja. Miaka arobaini alikuwa fundi cherehani Mombasa. Sasa, na umri wote huo, hushona sare zilizoraruka za wafanyakazi wa hoteli moja ya Bloomington, na mameneja humwita Mister Abdul. Wageni walikuwa wakiongea kwa sauti kumzunguka. Yeye alikuwa amenyooka kama mtu anayepimwa nguo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niwie radhi kutoinuka. Magoti haya."

"Nimeambiwa. Naomba unionyeshe cherehani yako."

Mzee alimtazama kwa muda. Alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha kuuchoka mzigo wake na anamwona mtu wa kumtua. Akainuka bila kushika kiti, magoti yakiwa hayana kasoro yoyote, akatangulia. Mguu wa kushoto aliuweka chini kwa uangalifu, hatua kwa hatua.

Chumba cha cherehani kilikuwa kidogo kama kabati. Atieno alifunga mlango.

"Iko mguuni, mzee?"

"Iko mguuni."

"Tangu lini?"

"Tangu saa nane."

"Kwa nini mguuni?"

"Ningeiweka wapi? Nyumba imejaa watoto. Kabatini wataipata, jikoni wataipata. Nikaona pahala ambapo hakuna mtoto atakayegusa ni mwilini mwangu. Nikaifunga na ala yake kama nilivyoikuta. Mguu wangu mwembamba, utepe ukazunguka mara mbili. Sijui kama inaweza kulipuka yenyewe. Ndiyo maana sikusujudu. Ndiyo maana sikumshika mtoto."

Masaa matatu mtu huyo alikaa akidhani amefungwa kifo mguuni, huku akiitikia watu hongera. Mimi nimefikiri sana kuhusu masaa hayo.

Atieno alipiga magoti sakafuni. Alipandisha kanzu kidogo, akafungua utepe, akaitoa. Alitoa magazini, akavuta kifuniko cha juu nyuma, akachungulia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Tupu. Akaweka kila kitu mbali na kingine juu ya meza ya cherehani. Aliona kifundo cha mzee kimeachwa na alama nyekundu, akakisugua kidogo kwa kiganja kabla hajainuka. Sidhani kama alijua kwamba amefanya hivyo.

"Sasa niambie kwa nini."

"Nilikuwa ninageuza viatu. Nikashika buti za huyu mwanangu, moja nzito, moja nyepesi. Nikatia mkono."

"Ungeweza kumwita."

"Ningeweza."

"Hukumwita."

"Nilitaka ipotee." Alisema hivyo bila kukwepa macho. "Nilitaka wakubwa wake wajue amepoteza bunduki, wamfukuze. Nilisikia huku kosa moja tu linatosha. Ningeitoa baadaye, yakisha kuandikwa."

"Unamchukia?"

"Kumchukia? Mwanangu, mimi sikuzaa mwanamume. Huyu ndiye nilopewa."

Atieno alivuta kigoda, akamkalisha, akangoja. Kuhoji ni kungoja zaidi kuliko kuuliza, na yeye hulijua hilo kuliko wote pale kituoni.

"Mwezi wa kumi na moja aliniletea koti la kazi nimshonee," mzee alisema. "Akaniambia limenaswa na mlango wa gari. Mimi nimeshika nguo maisha yangu yote. Nguo ikinaswa na mlango hukatika hivi. Lile lilivutwa. Mtu alimkalia huyu mtoto, akavuta ubavuni, pale inapokaa bastola, akavuta na kuvuta. Na mgongoni koti lilikuwa na chumvi ya barabarani, ile wanayomwaga kuyeyusha barafu, kwa hivyo alikuwa chini, chali. Nilishona. Sikumwambia mkewe, sikumwambia mtu. Kila siku namuombea."

Atieno alikuwa hapo siku hiyo ya Novemba. Yeye ndiye aliyemvuta yule mtu kutoka juu ya Yasser.

"Basi nikajipa moyo," mzee aliendelea. "Nikasema ana silaha, itamlinda. Leo naikuta ya pili. Ya kwanza ni ya kumrudisha nyumbani, sivyo? Ya pili ni ya siku ile ya kwanza imeshindwa. Maana yake yeye mwenyewe ameihesabu siku hiyo. Anaingojea. Anakuja kumchinjia mwanawe akika, na mguuni ana siku hiyo." Akajifuta kwa mkono wa kanzu. "Nimekosa. Niandike. Lakini mtoto huyu ana siku saba, nami natakaje asimjue baba yake?"

Mlango ulifunguka. Alikuwa Yasser. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini, ila macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba."

Mzee aliinamisha kichwa.

Yasser aliketi sakafuni mbele ya kigoda. "Siku ile chini ya yule mtu, sikumfikiria mtu mwingine ila Aaliyah. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilisema nikiinuka hapa, sitawahi tena kukosa cha pili. Sikuinunua nikingoja kufa, baba. Niliinunua nirudi."

"Na hukuniambia."

"Sikutaka uogope."

"Nilikuwa naogopa tayari. Naogopa peke yangu tangu Novemba."

Yasser alilaza paji la uso kwenye magoti ya mzee, na mzee akaweka mkono kwenye kisogo chake. Atieno alijifanya anasoma nambari iliyochorwa kwenye bastola. Aliisoma mara tatu.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini na sita.

"Nisikilizeni wote wawili," alisema hatimaye. "Nitaandika ukweli, kwa sababu sijui kuandika kingine. Ofisa Yasser aliacha silaha yenye risasi bila uangalizi, mahali penye watoto. Utapewa onyo la maandishi, utarudi mafunzoni, na pengine watakusimamisha kwa siku kadhaa. Unastahili. Nitaandika pia kwamba mwenye nyumba aliiondoa ili watoto wasiiguse, na kwamba alichelewa kuirudisha kwa sababu za kifamilia. Hizo za kifamilia nitazieleza mwenyewe nikiulizwa."

"Hawamfukuzi?" mzee aliuliza.

"Hapana, mzee. Umebeba bure."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Sijui kama alifarijika au alivunjika moyo, na nadhani hata yeye hakujua.

"Na yangu niseme," Atieno akaongeza, akimgeukia Yasser. "Mimi pia ninayo ya akiba. Nilichagua kama wewe, nikalala chini dukani kama wewe. Lakini naifungia kazini pamoja na ile kubwa, moja baada ya nyingine, na nagusa mguu kabla sijatoka. Kila siku. Mtu akichagua kitu hicho, achague pia pahala pa kukivulia. Mkeo ajue. Baba yako ajue. Kikifichwa kwa wanaokungoja, kimefichwa vibaya."

Aliitia bastola kwenye mfuko wa ushahidi, risasi kwenye mfuko wa pili.

Walipotoka, Bi Nasreen alikuwa bado mlangoni mwa watoto. Alimtazama mumewe usoni, akatazama miguu yake, kisha bila neno akamnyooshea mtoto. Mzee Abdulghani alimpokea kwa mikono miwili. Alikaa naye palepale chini, ukumbini, katikati ya njia ya watu, akatia pua kwenye kichwa kilichonyolewa asubuhi. Wageni waliokuwa wakibeba chai iliwabidi wamruke.

Atieno alitia saini yake kwenye daftari lake la kazi, akavaa koti. Alichelewa kidogo kwa sababu Aaliyah alimkumbatia, na kumbatio la mke wa polisi huwa halina haraka. Alipofika mlangoni alikuta buti zake zimekwisha kugeuzwa, ncha kwa ncha, zikitazama nje. Mzee alikuwa amesimama kando, mtoto begani.

Buti nyeusi za Yasser zilikuwa palepale mwisho wa mstari, zikitazama ndani.

"Hizi umezisahau, mzee."

"Sikuzisahau. Hata mchana sikuzisahau. Nilizishika, nikashindwa kuzielekeza mlangoni." Alimpangusa mtoto mdomo kwa kidole. "Leo haendi popote."

Atieno aliinama kuchukua buti yake.

"Na wewe, mwanangu," mzee aliuliza, "kwako kuna anayekungoja?"

Hakulitarajia swali hilo. Washukiwa huwa hawaulizi. "Hapana," alisema. "Hakuna."

Mzee alimpa Yasser mtoto. Kisha akachuchumaa kwa magoti yake mazima, akazishika buti za Inspekta, akazigeuza zikatazama ndani, akaziweka kando ya zile nyeusi.

"Vua koti," alisema. "Hujala."